Pima Chupa Kwanza, Mashine Baadaye



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuchuja mafuta ya alizeti. Leo mafuta yamekwisha chujwa. Yamo ndani ya chupa na kizibo kimekazwa. Sasa tunataka kuyafunga ili yafike kwa mnunuzi salama, na mnunuzi ajue kwamba hakuna mtu aliyeyafungua njiani.

Naandika juu ya jambo hili kwa sababu ya kikundi kimoja cha wakamuaji katika wilaya ya Ikungi. Kikundi hicho kina wanachama 14. Wanawake ni 9 na wanaume ni 5. Kwa misimu miwili wamekuwa wakiweka akiba. Kila debe la alizeti lililokamuliwa, fedha kidogo iliwekwa kando. Wako waliokosa kununua bati za nyumba zao ili akiba isiguswe. Mwezi wa sita waliniletea ujumbe: "Mwalimu, njoo upesi. Tunataka kununua mashine ya kufunga chupa kwa nailoni. Muuzaji anasubiri jibu letu."

Nilikwenda. Walinionyesha picha katika simu. Ilikuwa mashine ndefu kama kitanda. Ina mkanda unaotembea, na katikati yake kuna tanuri la umeme. Chupa sita zinaingia upande mmoja zikiwa zimezungushiwa nailoni iliyolegea. Zinatoka upande wa pili zimebanwa pamoja, nailoni imekaza kama ngozi ya ngoma. Kwa kweli inapendeza. Hata mimi niliitamani.

Bei yake ilikaribia akiba yote ya kikundi.

Nikauliza: "Mnajaza chupa ngapi kwa siku?" Wakatazamana. Mwenyekiti wao ni mama mwenye maneno machache. Akasema: "Siku nzuri chupa 120. Siku umeme ukikatika, hata 40 hatufikishi."

Tukaomba daftari na kalamu, tukakaa chini ya mti. Hesabu tulizofanya siku ile ndizo ninazotaka tuzifanye pamoja na wewe leo.

Nailoni inayosinyaa

Kwanza tuijue nailoni yenyewe. Siyo kila nailoni inafaa. Ukichukua nailoni ya kawaida ukaipitisha karibu na moto, inatoboka au inayeyuka. Nailoni ninayoisema imetengenezwa kwa namna yake. Kiwandani huivuta ikiwa na joto, halafu huipoza ingali imevutwa. Kwa hiyo inakaa ikiwa imetanuka. Siku itakapopata joto tena, inarudi katika hali yake ya mwanzo, yaani inasinyaa. Kitu chochote kilichomo ndani yake kinabanwa.

Wewe umeona jambo linalofanana na hilo. Ngozi mbichi ya mbuzi ikiwambwa kwenye ngoma, inapokauka hujivuta na kukaza. Tofauti ni kwamba ngozi huchukua siku kadhaa, na nailoni huchukua sekunde chache.

Nailoni hii ina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kulinda kizibo. Hiki ni kipande kidogo kinachovikwa juu ya kizibo na shingo ya chupa. Watu wengi wanakiita sili. Mtu akitaka kufungua chupa lazima akichane kwanza. Kazi ya pili ni kubana chupa nyingi pamoja, sita au kumi na mbili, ili zibebeke kama mzigo mmoja.

Wanachama wawili walitaja kazi ya tatu. Walisema nailoni itafanya mafuta yasiharibike. Hapana. Nailoni hii ni angavu, na mwanga unapita. Mafuta ya alizeti yakikaa juani yataanza kunuka uvundo hata ukiyafunga nailoni tatu. Kinachozuia mwanga ni boksi, au kuyaweka ndani kwenye kivuli. Wala nailoni haizuii kuvuja. Kizibo kikiwa kibaya, mafuta yatavuja ndani ya nailoni, na mzigo mzima utateleza mikononi mwa mpakiaji.

Kwa nini kizibo kinalindwa?

Mwaka 1982 huko Marekani, katika mji wa Chicago na vitongoji vyake, watu 7 walikufa baada ya kumeza dawa ya maumivu iitwayo Tylenol. Kiwanda hakikuwa na kosa. Mtu alizichukua chupa za dawa madukani, akatia sumu, akazirudisha. Wanunuzi hawakuwa na njia ya kujua kwamba chupa zilikuwa zimefunguliwa. Baada ya hapo serikali ya Marekani ilitoa amri kwamba dawa za namna hiyo zifungwe kwa njia ambayo mnunuzi ataona kama zimeguswa. Siku hizi vifungo vya namna hiyo viko kila mahali duniani.

Kwetu sisi udanganyifu ni wa namna nyingine. Tazama barabara kuu itokayo Dodoma, inayopita Manyoni na Ikungi hadi Singida mjini. Basi likisimama, abiria wanashuka kununua mafuta ya alizeti na asali. Mara nyingi chupa ni zile zilizokwisha tumika za maji ya kunywa. Abiria anaishika chupa, anaiinamisha, anaitazama kwenye mwanga, ananusa kizibo. Ana shaka. Anajiuliza kama asali imechanganywa na sukari, au mafuta yamechanganywa na mengine. Hana njia ya kujua. Basi anataja bei ya chini, au anaondoka.

Hasara hii inampata muuzaji mkweli. Mwongo hana hasara, kwa sababu alichouza kilimgharimu kidogo. Yule aliyetunza mizinga yake katika vichaka vya Itigi, akarina usiku, akachuja kwa kitambaa safi, ndiye anayepunguziwa bei.

Kwa hiyo kikundi kile hakikukosea kutaka kufunga vizuri. Swali lilikuwa: kufunga nini, na kwa kitu gani?

Kizibo chako kikoje?

Chukua chupa ya soda ya plastiki ambayo haijafunguliwa. Ifungue taratibu. Utasikia mlio mdogo, na utaona pete ya chini ya kizibo imekatika na kubaki shingoni. Pete hiyo ndiyo sili. Haihitaji nailoni, haihitaji moto wala umeme.

Niliwaomba wanachama walete chupa wanazotumia. Wakaleta aina mbili. Aina ya kwanza ilikuwa mpya, ina kizibo chenye pete. Aina ya pili ilikuwa ya kukusanya mitaani, pete imekwisha katika zamani. Nikawauliza: "Mlitaka kuvika nailoni ipi kati ya hizi?" Wakasema ya pili, kwa kuwa ndiyo isiyo na pete.

Hapo nilisema maneno makali kidogo, na nayarudia hapa. Chupa iliyotumika ukiivika sili mpya, umeivika kilemba tu. Hujui ndani yake kulikuwa na nini kabla. Huenda mtu aliwekea mafuta ya taa, au dawa ya mifugo. Nailoni inayong'aa itamfanya mnunuzi aiamini chupa isiyostahili kuaminiwa. Fedha za sili zinunue chupa mpya.

Kwa asali ya kopo lenye kifuniko kisicho na pete kuna njia nyingine rahisi. Kata ukanda mwembamba wa karatasi. Upake gundi. Ubandike kuanzia upande mmoja wa kopo, upite juu ya kifuniko, ushuke upande wa pili. Andika juu yake jina la kikundi na tarehe ya kujaza. Kopo haliwezi kufunguliwa bila karatasi kuchanika. Wafugaji wa nyuki wa nchi nyingi wanafanya hivyo hadi leo, hata wale wenye mashine.

Liko jambo la sheria pia. Kanuni za kupiga marufuku mifuko ya plastiki zilizoanza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019 hazikugusa mifuko peke yake. Zilikataza pia kuuza vinywaji na bidhaa nyingine zilizofungwa kwa plastiki, isipokuwa pale ambapo bidhaa yenyewe kwa asili yake inahitaji kufungwa hivyo. Ni lazima uweze kueleza kwa nini bidhaa yako inahitaji nailoni. Kabla ya kununua roli hata moja, nenda kwa afisa mazingira wa wilaya, au uliza Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC. Peleka chupa yako na kipande cha nailoni unayotaka. Uliza: "Hii inaruhusiwa kwa bidhaa hii?" Andika jibu na tarehe, na jina la aliyekujibu. Muuzaji wa mashine si mtu wa kukujibu swali hili. Yeye anataka kuuza.

Kupima kwa uzi

Tuseme umeuliza, ukaambiwa sili ya nailoni inaruhusiwa kwa bidhaa yako. Sili huuzwa zikiwa bapa, kama soksi iliyolazwa mezani. Upana wake hutajwa kwa milimita. Watu wengi wanakisia, na hapa fedha nyingi hupotea. Mimi mwenyewe niliwahi kuagizia kikundi sili 2,000 kwa kukisia. Zilikuwa ndogo kwa milimita nne. Hazikuvalika kabisa. Muuzaji alikataa kuzirudisha, na alikuwa na haki.

Fanya hivi. Chukua uzi. Uzungushe kwenye kizibo mahali palipo panene zaidi. Weka alama pale uzi unapokutana. Unyooshe uzi kwenye rula. Tuseme umepata milimita 120. Gawanya kwa mbili, unapata 60. Ongeza 3. Upana wa kuagiza ni milimita 63. Ukiongeza nyingi zaidi, nailoni itasinyaa na kufanya mikunjo kama uso wa mzee. Usipoongeza, haitavalika.

Kisha agiza chache za kujaribia kabla ya kuagiza maelfu.

Soma herufi kwenye roli

Sasa tuje kwenye nailoni ya kubana chupa nyingi pamoja. Wewe sasa unajua kusoma, kwa hiyo usikubali kuambiwa "hii ni nzuri" tu. Tafuta herufi kwenye boksi au kwenye karatasi ya roli.

Ukiona PVC, hiyo husinyaa kwa joto dogo na bei yake mara nyingi ni nafuu. Sili nyingi za vizibo ni za aina hii. Lakini ikiungua hutoa moshi wenye asidi. Moshi huo hukwaruza koo na macho, na hula vyuma vya mashine. Fanyia kazi mahali penye hewa. Mabaki yake usiyachome jikoni wala uani.

Ukiona POF, hiyo ni nyembamba, angavu na laini, na haina moshi ule wa asidi. Inafaa kufungia vitu vidogo kama makopo ya asali au maboksi.

Ukiona PE, hiyo ni nene na ina ukungu kidogo. Ina nguvu. Ndiyo inayobana chupa za maji na soda unazoziona zikishushwa kwenye malori. Kwa chupa sita za mafuta za lita moja hii ndiyo yenyewe. Lakini inataka joto kali zaidi kuliko zile mbili.

Unene hutajwa kwa mikroni. Mikroni 1,000 ni sawa na milimita 1. Roli ya POF huweza kuwa na mikroni 15. PE ya kubana chupa za lita moja iwe kama mikroni 50 au zaidi. Nyembamba zaidi itachanika mtu akiinua mzigo, na chupa zitaanguka.

Uko mtego mmoja katika bei. Roli nyingi huuzwa kwa kilo, lakini wewe unachofungia ni eneo la nailoni, siyo uzito. PVC ni nzito kuliko POF. Tuseme zote mbili zina mikroni 15. Kilo moja ya POF inatoa karibu mita za mraba 72. Kilo moja ya PVC inatoa karibu 49 tu. Kwa hiyo PVC yenye bei ndogo kwa kilo huenda ikawa ghali zaidi kwa kila kopo unalofunga. Fanya hesabu kwa kopo, usifanye kwa kilo.

Moto utatoka wapi?

Njia ndogo kabisa ni mvuke wa birika. Kwa sili za vizibo inatosha. Chemsha maji katika birika lenye mdomo mwembamba. Vaa glavu nene. Izungushe shingo ya chupa mbele ya mvuke kwa sekunde chache, nailoni itakaza. Singida tuko juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka yakiwa na nyuzi kama 95 badala ya 100. Bado yanatosha kwa PVC. Kwa PE hayatoshi, usipoteze kuni zako. Na kama ni asali, hakikisha kifuniko kimekazwa sana, kwa sababu asali ikiingiwa na maji huchachuka.

Njia ya pili ni bunduki ya joto. Inafanana na draya ya saluni, lakini joto lake ni kali mara nyingi zaidi. Inatumia umeme wa kawaida wa nyumbani. Ishike umbali wa kama shibiri moja kutoka kwenye nailoni, na usiiache mahali pamoja. Ukisimama, nailoni inatoboka. Ukimaliza usiiweke juu ya turubai wala karibu na mashudu ya alizeti, kwa sababu mdomo wake unabaki na moto kwa dakika kadhaa. Pamoja nayo utahitaji mashine ndogo ya mkono yenye waya wa moto, ya kukatia nailoni na kuunganisha kingo zake.

Njia ya tatu ni lile tanuri lenye mkanda.

Tulirudi kwenye daftari. Chupa 120 kwa siku, zikifungwa sita sita, ni mafurushi 20. Muuzaji alisema mashine yake inafunga mafurushi 5 kwa dakika. Nikamwomba kijana mmoja afanye hesabu. Akagawanya 20 kwa 5. Akapata 4. Akarudia tena, akidhani amekosea. Hakukosea. Mashine ya kumaliza akiba ya misimu miwili ingefanya kazi dakika 4 kwa siku, kisha ikae.

Kabla ya dakika hizo 4, tanuri lazima liwashwe lipate joto, tuseme dakika 20. Tanuri dogo la kilowati 9 likiwaka nusu saa linakula uniti 4 na nusu za umeme. Bunduki ya kilowati 2 ikiwaka nusu saa inakula uniti 1.

Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akasema: "Mwalimu, wewe unahesabu dakika. Mimi nahesabu heshima. Mwenye duka akiona mzigo umefungwa kiwandani, anatuheshimu." Sikumcheka. Mzee alisema kweli. Mzigo uliofungwa kwa bunduki mara nyingine hukunjika upande, na mwenye duka anaona. Lakini mtu mwenye mazoezi ya wiki mbili hufunga vizuri, na furushi moja halimchukui zaidi ya dakika 3. Mafurushi 20 ni saa moja.

Ndipo akasimama mama mmoja anayeuza mafuta pale mabasi yanaposimama. Akasema: "Hizo 20 mmezitoa wapi? Nusu ya chupa zetu nauza mimi, moja moja. Abiria hanunui sita." Tukafuta 20, tukaandika 10. Dakika 4 zikawa 2.

Hesabu ya nailoni nayo ikabadilika. Furushi la chupa sita za lita moja linataka kipande cha nailoni chenye urefu wa kama sentimita 95 na upana wa kama sentimita 44. Kwa PE ya mikroni 50, uzito wake ni gramu 19 hivi. Kilo moja inatoa mafurushi kama 50. Kwa mafurushi 10 kwa siku, kilo moja ni ya siku 5. Ukijua hivyo, unaweza kuweka bei ya kilo kando ya bei ya maboksi na kulinganisha. Kwa mafuta yanayokaa dukani mwangani, mimi ningependa boksi, hata kama linazidi kidogo kwa bei. Hayo ni maoni yangu.

Swali la mwisho lilikuwa la umeme. Kwenye maelezo ya mashine paliandikwa kwamba inataka umeme wa njia tatu. Kijiji kile kina umeme wa njia moja. Hakuna aliyekuwa amesoma mstari huo. Ulikuwa chini kabisa ya picha, kwa herufi ndogo. Aliyeusoma kwa sauti ni mama ambaye miaka mitatu iliyopita alikuwa akitia sahihi kwa dole gumba.

Kama bado unataka mashine

Huenda kikundi chako ni kikubwa. Huenda mnajaza chupa 2,000 kwa siku na umeme wa njia tatu upo. Basi mashine inaweza kuwafaa. Lakini msinunue kwa picha. Bebeni chupa zenu wenyewe, zikiwa zimejaa, mwende mahali mashine ilipo. Iwashwe mbele yenu. Ifunge chupa zenu kwa saa nzima, siyo tatu za kuonyesha tu. Halafu inueni mafurushi, yaangusheni kutoka urefu wa goti, muone.

Ulizeni juu ya vipuri. Waya wa moto wa kukatia nailoni huungua. Kitambaa chake cha tefloni huungua pia. Hivi ni vitu vidogo, lakini bila hivyo mashine ni kabati. Vinauzwa wapi? Singida mjini, Dodoma au Dar es Salaam? Bei gani? Nani atavibadilisha? Waya wa akiba na kitambaa cha akiba viwe ndani ya bei na viandikwe kwenye risiti.

Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, liliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu kama sisi. Lina ofisi Singida mjini. Nendeni na chupa, kizibo, uzi wenu na hesabu ya chupa kwa siku. Mtu wa SIDO hawezi kuwashauri vizuri kama hamjui mnajaza ngapi. Mkiwa hapo ulizeni pia juu ya barua ya utambulisho ya kwenda Shirika la Viwango, TBS. Tangu mwaka 2019 TBS ndiyo inayosimamia vyakula pia. Alama ya TBS kwenye lebo itasema mengi kwa mnunuzi ambayo nailoni haiwezi kuyasema.

Kikundi cha Ikungi kiliamua hivi. Waliacha chupa za kukusanya. Walinunua chupa mpya zenye vizibo vya pete. Chupa za barabarani zinauzwa hivyo hivyo, bila nailoni. Zile za madukani wanazitia kwenye maboksi ya kumi na mbili. Bunduki ya joto wamesema watainunua baada ya kupata jibu la afisa mazingira, na kwa wenye maduka wanaotaka sita sita. Akiba iliyobaki iko benki.

Mzee bado hajaridhika. Ananiambia kila nikipita kwamba tungenunua mashine, umeme wa njia tatu ungefuata wenyewe.

Na muuzaji alipiga simu tena. Mwenyekiti akamjibu kwamba mlango uko wazi. Alete mashine yake pale kijijini, aiunganishe kwenye umeme uliopo, ifunge chupa zao kwa saa moja, halafu wazungumze bei. Hadi ninapoandika haya hajafika.